Mshono wa Upasuaji: Nini Kipakwe, Nini Kiachwe

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji hurudi nyumbani na kadi yenye tarehe ya kurudi kliniki, na mshono ambao kila anayekuja kumpa pole ana dawa yake. Mmoja husifu asali ya nyuki wadogo. Mwingine huleta chupa ya spiriti. Wa tatu hushauri kidonge cha rangi mbili kipasuliwe na unga wake unyunyizwe juu ya nyuzi. Wiki ya kwanza inapokwisha, mshono mmoja unaweza kuwa umepitiwa na dawa nne, na ikiwa umetunga usaha, hakuna anayeweza kusema ni ipi iliyodhuru na ipi iliyosaidia.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Katumba. Makazi haya, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi na ambayo leo ni sehemu ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, yametawanyika katika vijiji vingi, na mgonjwa aliyepasuliwa Mpanda mjini hurudi katika nyumba iliyo mbali na daktari aliyemshona. Miongoni mwa wagonjwa hao wamo akina mama waliojifungua kwa upasuaji, wanaume waliopasuliwa ngiri na vijana waliofanyiwa tohara. Wataalamu huhesabu siku 30 za kwanza kuwa ndicho kipindi cha kufuatilia maambukizi ya kidonda cha upasuaji. Sehemu kubwa ya siku hizo hupita nyumbani, chini ya uangalizi wa ndugu na si wa muuguzi.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Asilimia 26 walipata maambukizi katika kidonda. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta asilimia 19.4. Mwaka 2014 Bugando ilitoa matokeo mengine yaliyowahusu akina mama 345 waliojifungua kwa upasuaji, na safari hii kiwango kilikuwa asilimia 10.9, yaani karibu mama mmoja katika kila tisa. Hizo ni hospitali kubwa zenye madaktari bingwa.

Swali linaloulizwa mara kwa mara, basi, ni la haki: kati ya dawa hizi zote za kupaka, ipi huponya mshono upesi zaidi? Jibu linategemea swali jingine ambalo mara nyingi halitangulizwi, nalo ni kwamba mshono huo umefungwa au umefunguka.

Kazi inayofanywa na mwili wenyewe

Mshono uliofungwa ni ule ambao kingo zake mbili zimekutanishwa kwa nyuzi, ni mkavu, hautoi usaha, na hauna uwazi wowote. Chini ya gozi, mwili huanza kazi saa ileile mgonjwa anapotolewa chumba cha upasuaji. Damu huganda na kuziba mwanya. Chembe za ulinzi hufika kusafisha. Na ndani ya takriban saa 48 ngozi mpya, nyembamba kama karatasi, huwa imekwisha kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kuanzia hapo vijidudu kutoka nje hupata shida kuingia, na dawa inayopakwa juu nayo hupata shida hiyohiyo. Hukaa juu ya mlango uliokwisha kufungwa.

Chini ya ngozi hiyo kazi ni ya polepole. Baada ya wiki tatu kovu huwa na takriban sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na hata miezi mitatu ikipita halivuki asilimia 80. Kwa sababu hiyo mama mwenye mshono usioonyesha dosari yoyote huambiwa asibebe ndoo ya maji wala asishike jembe kwa wiki kadhaa. Hakuna mafuta wala unga unaoharakisha hatua hii kutoka nje. Chakula chenye protini, damu ya kutosha na mapumziko ndivyo vinavyoijenga. Utafiti wa Bugando wa mwaka 2014 uliitaja upungufu mkubwa wa damu miongoni mwa mambo yaliyoongeza maambukizi kwa akina mama, pamoja na shinikizo la damu la ujauzito na upasuaji uliochukua muda mrefu. Kwa hiyo vidonge vya madini ya chuma ambavyo kliniki huvitoa bila malipo, na ambavyo wengine huviacha kabatini kwa kuwa vinaleta kichefuchefu, vina uhusiano wa karibu zaidi na kupona kwa mshono kuliko chupa nyingi zinazouzwa dukani.

Kidonda kilicho wazi ni habari nyingine. Kinaweza kuwa mshono ulioachia sehemu, au ule ambao daktari ameufungua makusudi ili usaha utoke. Hapa hakuna mlango. Dawa hufika moja kwa moja kwenye nyama, kwa faida au kwa hasara. Ubishani mwingi wa mitaani kuhusu asali, spiriti na ayodini hutokea kwa sababu msemaji mmoja anazungumzia mshono uliofungwa na mwenzake anazungumzia kidonda kilicho wazi, na kila mmoja anadhani mwenzake ni mbishi.

Dawa zinazouma

Spiriti, ayodini na haidrojeni peroksaidi zina sifa moja inayowavutia watu: huuma, au hutoa povu, na mgonjwa huamini kwamba vijidudu vinakufa. Ni kweli vinakufa. Hata hivyo dawa hizo hazibagui. Huua pia chembe changa zinazojenga nyama mpya. Alexander Fleming, ambaye baadaye aligundua penisilini, aliliona jambo hilo katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa katika hospitali ya jeshi nchini Ufaransa. Alionyesha kwamba dawa kali zilizomiminwa katika vidonda virefu vya askari ziliharibu chembe za ulinzi za mwili kabla hazijavifikia vijidudu vilivyojificha katika mikunjo ya nyama.

Mahali halali pa dawa hizi ni juu ya ngozi nzima, kabla ya kisu. Hapo zina umuhimu mkubwa, na namna zinavyotumiwa huleta tofauti. Utafiti wa Bugando wa mwaka 2011 uliona kwamba kusafisha ngozi kwa ayodini peke yake kulikwenda pamoja na maambukizi zaidi. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 5,788 katika nchi saba, zikiwamo jirani zetu Rwanda, pamoja na Ghana, Nigeria na India. Jaribio hilo lililinganisha klorheksidini iliyochanganywa na spiriti dhidi ya povidoni-ayodini kwa kusafisha ngozi kabla ya upasuaji wa tumbo, na halikuona tofauti ya maana kati ya hizo mbili. Hayo ni maamuzi ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa akishafika nyumbani, kumwagia mshono spiriti kila asubuhi hukausha na kupasua ngozi changa ambayo siku mbili kabla ilikuwa imeungana vizuri.

GV, ile dawa ya zambarau, ina kasoro yake ambayo haizungumzwi vya kutosha. Huficha. Dalili ya kwanza ya maambukizi ni mabadiliko ya rangi kuzunguka nyuzi, na katika ngozi nyeusi mabadiliko hayo tayari ni magumu kuonekana. Mara nyingi ngozi huonekana tu kuwa imeiva, inang'aa na ina joto kuliko sehemu nyingine. Mshono ukishapakwa zambarau, muuguzi mwenye macho mazuri naye hulazimika kubahatisha.

Kusafisha kunakotosha ni kwa maji. Kwa saa 48 za kwanza gozi iliyofungwa hospitali huachwa ilivyo, isipokuwa imelowa damu au imechafuka. Baada ya hapo mgonjwa anaweza kuoga, maji yakapita juu ya mshono bila kusuguliwa, kisha akajifuta taratibu kwa kitambaa safi kilichoanikwa juani na kupigwa pasi. Miongozo ya Uingereza kuhusu vidonda vya upasuaji inaruhusu kuoga hivyo baada ya saa 48, na tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi ya hospitali hazikuona kwamba maji ya bomba yanaongeza maambukizi. Neno la kuzingatia hapo ni safi. Kaya inayochota maji kisimani au mtoni iyachemshe yatokote, iyafunike yapoe, na isiyatumie yaliyolala siku mbili kwenye ndoo ambayo kila mtu hutumbukiza kikombe.

Unga wa vidonge na mafuta ya tyubu

Tabia ya kupasua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya mshono imeenea nchini kote, na ni miongoni mwa zile zinazopaswa kukoma. Kidonge hicho kimetengenezwa kiyeyuke tumboni na kusafirishwa na damu. Juu ya ngozi unga wake hulowa jasho, huganda kama ugoro, na chini ya gamba hilo unyevu na vijidudu hukaa kwa raha. Dawa kidogo inayopenya haitoshi kuua vijidudu, bali inatosha kuvizoeza. Vijidudu vilivyoongoza katika vidonda vya Bugando mwaka 2011 vilikuwa vya jamii ya stafilokoka, na baadhi yake vilikuwa tayari vimejenga usugu dhidi ya dawa ambazo kwa kawaida zingeviua. Usugu huo hauishii kwa mgonjwa mmoja. Mtoto wa jirani atakayeugua mwakani atakutana nao.

Mafuta ya antibayotiki yanayouzwa katika tyubu ni afadhali kuliko unga, lakini faida yake ni ndogo kuliko bei yake. Nchini Australia, madaktari walipaka mafuta ya kloramfenikoli mara moja tu baada ya kushona vidonda vidogo vya ngozi. Kati ya wagonjwa 972, maambukizi yalikuwa asilimia 6.6 kwa waliopakwa dawa, na asilimia 11 kwa waliopakwa mafuta matupu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, na watafiti wenyewe walikiri kwamba nafuu hiyo haikufikia kiwango walichojiwekea kabla ya kuanza kuwa ndicho cha maana kitabibu. Miaka kadhaa nyuma, mwaka 1996, Wamarekani walikuwa wamefanya jaribio jingine kwa wagonjwa 922 wa upasuaji mdogo, nusu wakipakwa mafuta ya antibayotiki na nusu mafuta meupe ya mgando yasiyo na dawa yoyote. Waliopata maambukizi walikuwa wachache katika pande zote mbili, asilimia 0.9 na 2, na tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Upande wa antibayotiki, wagonjwa wanne walivimba ngozi kwa mzio. Upande wa mafuta ya mgando hakuna hata mmoja.

Mafuta ya mgando hayaui kijidudu chochote. Yanachofanya ni kuzuia ngozi changa isikauke, na ukavu una madhara ambayo wazee wengi hawayakubali kirahisi. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa kidonda kinapaswa kupigwa upepo na jua hadi kifanye gamba. Mwaka 1962 mtafiti Mwingereza George Winter alionyesha, kwa kutumia vidonda vidogo juu ya ngozi ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevunyevu wake kiliota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya kile kilichoachwa wazi kikauke. Hata hivyo mshono wa tumbo uliofungwa vizuri na kufunikwa kwa gozi hauhitaji mafuta hayo. Yakitumika kwenye mshono mdogo, kwa ushauri wa mtoa huduma, yatoke katika kopo jipya ambalo mikono ya watoto haijapita.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa kuzuia maambukizi ya upasuaji. Kuhusu vidonda vilivyofungwa kwa nyuzi, mwongozo huo haukupendekeza bandeji za kisasa zenye dawa ndani yake. Gozi ya kawaida ilionekana kutosha. Mambo uliyotilia mkazo zaidi hutokea kabla mgonjwa hajalazwa kitandani: aoge kabla ya upasuaji, asinyolewe nywele kwa wembe, na antibayotiki itolewe kwa wakati wake kabla ya kukatwa, bila kuendelezwa siku nyingi baadaye kwa ajili ya kujihami. Familia inayompeleka mgonjwa kwa upasuaji uliopangwa inaweza kutekeleza mawili ya kwanza yenyewe, kwa sabuni na kwa kuuacha wembe nyumbani.

Asali

Hakuna dawa inayotetewa Katavi kwa bidii kama asali, na watetezi wake wana hoja. Misitu ya miombo inayozunguka Katumba, Ugalla na Inyonga ni mojawapo ya maeneo yanayoongoza nchini kwa ufugaji wa nyuki, na Wamisri wa kale walikwisha kuandika juu ya kuweka asali katika vidonda zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Sayansi ya leo haiwapingi. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na sukari hiyo hufyonza maji kutoka kwa vijidudu hadi vikafa. Ina uchachu ambao vijidudu vingi havistahimili. Zaidi ya hayo, ndani yake kuna kimeng'enya kilichotoka kwa nyuki ambacho, asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogokidogo kwa saa nyingi, bila ule ukali wa kumimina chupa nzima kwa mara moja.

Ushahidi unaogusa moja kwa moja mshono wa upasuaji ulichapishwa mwaka 1999 na watafiti wa Ghuba. Wanawake 50 waliokuwa wamepata maambukizi katika mshono wa tumbo, baada ya kujifungua kwa upasuaji au kuondolewa kizazi, waligawanywa katika makundi mawili. Wanawake 26 waliwekewa asali isiyochanganywa kila baada ya saa 12. Wengine 24 walisafishwa kwa spiriti na povidoni-ayodini. Waliotumia asali walipona kabisa kwa wastani wa siku 11 hivi, ilhali wenzao walichukua siku 22, na kovu la kundi la asali lilikuwa jembamba zaidi. Mwaka 2015 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima uzito, lilipitia majaribio 26 ya asali yaliyohusisha watu 3,011. Lilikubali kwamba asali huonekana kuponya upesi zaidi majeraha ya moto yasiyo ya kina, pamoja na vidonda vya upasuaji vilivyopata maambukizi. Kwa vidonda vidogo vya upasuaji visivyo na maambukizi, tofauti ya wazi haikuonekana.

Kwa hiyo mfugaji wa nyuki anayesema asali huponya kidonda hasemi uongo. Kinachokosekana katika maelezo yake ni mazingira. Wanawake wale 50 walikuwa na vidonda vyenye maambukizi vilivyokuwa chini ya macho ya madaktari. Usaha wao ulipimwa maabara, na wote walikuwa wakipata antibayotiki. Asali ilikuwa sehemu ya tiba, si badala yake. Idadi yao pia ni ndogo, na jaribio moja la watu 50 halitoshi kubadili utaratibu wa nchi.

Kuna pia suala la asali yenyewe. Ile inayotengenezwa kwa ajili ya vidonda husafishwa kwa mionzi ya gama, kwa sababu asali mbichi, hata iwe halisi namna gani, inaweza kubeba mbegu za vijidudu vya jamii ileile inayoleta pepopunda. Kwa hofu hiyohiyo ya mbegu, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja halambishwi asali. Mionzi hutumika badala ya moto kwa kuwa joto huharibu kile kimeng'enya. Mtu anayechemsha asali nyumbani ili kuisafisha hubaki na sukari iliyoyeyuka. Asali ya barabarani huweza kuwa imerefushwa kwa maji ya sukari, au imekamuliwa pamoja na masega yenye majivu ya moshi, majana na vipande vya magome ya mzinga. Ile ya nyuki wadogo, inayopendwa kuliko zote kwa tiba, ina maji mengi zaidi na huchacha haraka. Vyote hivyo havimdhuru anayeila kwa muhogo. Kuvitia katika mshono wa siku nne ni jambo jingine.

Ushauri unaotokana na ushahidi huo unaeleweka kwa urahisi. Mshono uliofungwa na usio na shida hauhitaji asali, nayo huulowesha, huuvutia nzi na sisimizi, na hugandisha gozi. Kidonda kilichofunguka au chenye usaha kinaweza kufaidika nayo, lakini mgonjwa mwenye kidonda hicho anapaswa kuwa mbele ya daktari tayari, na uamuzi wa kutumia asali, pamoja na aina yake, ufanyike hapo. Mgonjwa anayependa asali amwambie daktari wazi. Hakuna aibu katika swali hilo.

Majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe na majani yaliyopondwa havina nafasi katika ulinganisho huu. Majani mengine yana kemikali zenye nguvu, na dawa kadhaa za hospitali zilianzia kwenye mimea. Ila jani lililopondwa juu ya jiwe hubeba udongo wa jiwe hilo, na udongo hubeba pepopunda.

Mshono wa mama na maji ya moto

Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, hatari kubwa zaidi ya nyumbani mara nyingi haitoki katika chupa wala kopo. Hutoka katika upendo wa bibi na mashangazi wanaokuja kumkanda. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni heshima kubwa, na familia isiyofanya hivyo huweza kuonekana imemtelekeza. Desturi hiyo ilijengwa na watu waliojifungua kwa njia ya kawaida. Tumbo lenye mshono likikandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, ngozi changa huweza kuungua bila mama kuhisi, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyokatwa huacha ganzi kuzunguka kovu kwa wiki au miezi. Mkandamizo nao huvuta nyuzi, na maji hupenyeza chini ya gozi.

Kufunga tumbo kwa khanga kuna pande mbili. Khanga iliyofungwa kwa kiasi huweza kumpunguzia mama maumivu anapokohoa au kuinuka. Ikikazwa sana, na hasa kwa mama mnene ambaye tumbo hukunjika juu ya mshono, hutengeneza joto na jasho mahali ambapo ukavu ndio unaotakiwa. Mkunjo huo uinuliwe, ukaushwe taratibu, na kitambaa safi chepesi kiwekwe kati, kisha kibadilishwe kinapolowa.

Wazee hawakosi njia nyingine za kuonyesha heshima. Wanaweza kumkanda mgongo na miguu, kumpikia uji, mchuzi wa samaki na maharage, kumchotea maji na kumlimia. Mama anayesita kumkatalia mama mkwe anaweza kumwomba muuguzi, kabla ya kuruhusiwa, amweleze ndugu aliyekuja kumchukua. Maneno ya muuguzi mara nyingi hupokelewa pasipo ugomvi.

Siku ya kurudi

Nyuzi za tumbo zisizoyeyuka hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 10, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Zisikatwe nyumbani kwa wembe kwa sababu zinawasha. Muwasho mdogo, ganzi, na uvimbe mgumu kama kamba chini ya kovu ni mambo ya kawaida ya kupona.

Mambo yasiyosubiri tarehe ya kadi ni homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, joto na uvimbe unaosambaa, usaha au majimaji yenye harufu, na mshono unaoachia hata sehemu ndogo. Kwa mama aliyejifungua huongezwa damu nyingi na uchafu wenye harufu mbaya ukeni. Usaha uliojificha chini ya nyuzi haufikiwi na kitu chochote kinachopakwa juu. Hupona kwa kufunguliwa nyuzi chache, kusafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali na kupewa antibayotiki iliyochaguliwa na daktari. Kazi hiyo ikifanyika mapema hukamilika kwa muda mfupi. Ikicheleweshwa kwa wiki ya majaribio ya dawa za kupaka, mgonjwa huweza kurudishwa chumba cha upasuaji, na wengine hawarudi tena kwa watoto wao.

Mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitamhudumia au kumpa rufaa kwenda hospitali. Mama aliyejifungua aliye ndani ya siku 42, pamoja na mtoto wake mchanga, wanahudumiwa pia na mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao hupigiwa kwa namba 115 bila malipo. Anayepiga ataje kijiji na kitongoji, siku ambayo upasuaji ulifanyika, dalili zilizoonekana, na kila kitu kilichokwisha kupakwa kwenye mshono, hata kama ni majivu.